Mukalimani na Maneno ya Mama

Bandarini Nchelenge, kwenye ziwa letu, hakuna aliyemwita kwa jina. Sisi watoto, wachuuzi wa samaki kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, maofisa, hata mke wake, sote tulimwita Mukalimani. Kazi hiyo hakupewa na mtu. Alikuwa na meza ya mbao, kiti kimoja cha kwake na benchi moja la wateja, na alikaa pale kati ya ofisi ya ushuru na mahali mashua zinapofungwa, kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi. Watu wa kwetu walimletea Kibemba, wachuuzi walimletea Kiswahili chao cha Katanga, karatasi za ng'ambo zilikuja kwa Kifaransa na za serikali yetu zilikuwa za Kiingereza. Lugha zote nne alizijua, na zote nne alizisema kwa sauti ile ile ya chini, ya mtu anayezungumza karibu na mgonjwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kooni hata wakati wa joto la mwezi wa kumi. Mtu alipokuwa akizungumza, yeye alifumba macho. Ukimwona amefumba macho, ulijua anakusikiliza. Akiyafumbua kabla hujamaliza, maana yake alikuwa ameshaamua atasema nini, na yale uliyobakiza hayakufika upande wa pili.

Niliyajua haya kwa sababu nilikaa sana kwenye benchi lile. Mama yangu alikuwa mchuuzi, mwanamke wa ng'ambo aliyeolewa huku, na akiwa majini au sokoni aliniacha kwa Mukalimani. Nilimpenda mtu yule. Naandika hivyo mapema, kwa sababu yatakayofuata hayatamfanya msomaji aamini.

Siku moja mchuuzi mmoja kutoka Pweto alizuiliwa magunia yake ya chisense, wale samaki wadogo waliokaushwa, kwa sababu karatasi moja ilikosekana. Ofisa alikuwa mgeni, kijana wa mjini, hajui neno la Kiswahili. Yule mama alimsimamia Mukalimani kichwani akapiga kelele bandari nzima ikasikia: "Ambia huyu mwizi chisense yangu itapasua tumbo yake! Ambia yeye mama yake alizaa nyoka!"

Mukalimani alifumba macho, akayafumbua upesi, akamgeukia ofisa. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu anasema wewe ni kama mwanawe, na kwamba ameona usoni mwako kuwa ulilelewa vizuri, basi anayaacha magunia yake mikononi mwako. Ofisa alimtazama yule mama. Alikuwa akitetemeka kwa hasira, midomo inacheza, na kijana wa watu akadhani ni majonzi. Akaamuru magunia yapite.

"Umemuambia yote?" mama yule aliuliza huku akijifunga kitambaa kichwani.

"Yote, mama."

"Na ile ya nyoka?"

"Nilianza na ile."

Akaondoka ameridhika. Mimi nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye benchi, na Mukalimani akanitazama kwa ukali. "Usicheke," akasema. "Kazi yangu si kubeba maneno. Kazi yangu ni kufanya watu wapatane." Alilisema hilo mara nyingi, kila alipokamatwa akigeuza maneno.

Kanisani ilikuwa vile vile. Alikuja mhubiri kutoka Lusaka, amechoka na barabara, akahubiri kwa Kiingereza maneno machache makavu juu ya sadaka. Mukalimani aliyageuza kuwa Kibemba, na sijui aliyatoa wapi mengine: aliwaingiza humo wajane, wagonjwa, mama anayepiga magoti shambani na mtoto mgongoni. Mhubiri akisema sentensi moja, yeye anasema sita. Akina mama wakaanza kulia. Mhubiri akawatazama, akamtazama Mukalimani, akaendelea kwa uoga kidogo. Baada ya ibada nilimsikia akimwuliza, "Nilisema nini?" Mukalimani akainama kidogo akajibu, "Ulisema vizuri sana, bwana."

Kuinama kule ndiko kulikoharibu mambo. Mbele ya mchuuzi, mbele ya mvuvi, alikuwa na shingo iliyonyooka. Mbele ya mkubwa, hasa muzungu, mgongo wake ulipinda wenyewe. Alicheka kabla mzaha haujaisha. Alishika mlango wa gari ambao hakuna aliyemwomba aushike. Mtoto huona vitu hivyo na hajui avifanyie nini.

Na nyumbani kwake hakusema. Mke wake alikuwa rafiki wa mama, alikuja kwetu kuazima chumvi na kulalamika. "Miye naishi na mutu mwenye kusemea batu bote," alisema, "na kwetu iko kama anakodi chumba." Mwana wao mkubwa alipoacha shule, mke alimlazimisha aongee naye kama baba. Walikaa uani mchana mzima, baba na mwana, kimya. Mwishowe Mukalimani alikohoa akasema, "Mama yako anasema urudi shuleni." Hilo tu. Hata kwa mwanawe mwenyewe alikuwa anatafsiri.

Lakini mimi alinifundisha. Wateja walipokosekana alinisomesha Kiingereza kwa kutumia maandishi ya maboksi, magazeti ya kufungia chumvi, vibandiko vya dawa. Hakuchukua hata samaki mmoja kwa mama kwa kazi hiyo. Nikikosea hakunicheka. Alisema nirudie, nirudie tena, mpaka nilipoingia sekondari nikiwa nasoma vizuri kuliko watoto wa walimu. Wema huo ninao mpaka leo na siwezi kuurudisha.

Wazungu walifika wakati wa kiangazi, mwaka ule ambao watu wa ng'ambo walikuwa wakivuka kukimbia vita. Walikuwa watatu, na kamera kubwa na masanduku ya rangi ya fedha yasiyoingia maji. Mkubwa wao alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu, anayetengeneza filamu. Walitaka filamu ya ziwa na watu wake. Walikodi mashua yenye injini, wakamchukua Mukalimani kuwa sauti yao, na kwa wiki mbili meza ile bandarini ilikaa tupu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia, kabla mambo hayajatokea, kwamba kazi ilikuwa ngumu. Kila walipokwenda, kila waliyemwuliza habari, aliishia kuomba kitu: nyavu, dawa, nafasi ya shule. Mkubwa alichoka. "Aliniambia jana," Mukalimani alimsimulia mama akiwa amesimama mlangoni kwetu, uso wake una wasiwasi, "aliniambia, nitafutie mutu mumoja tu asiyeomba. Mumoja mwenye kusema iko nini ndani ya roho yake. Akikosa, atarudi kwao, na atasema Mukalimani alikuwa mubaya."

"Batu banaomba juu habana kintu," mama akajibu. "Alikuja kutafuta nini?"

Siku nne baadaye baba yangu alikuwa anatoka kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani kwetu, na mzigo wa samaki, kwenye mashua ya makasia, watu wanne. Upepo uliwakamata saa tatu za asubuhi. Wawili waliogelea wakafika kwenye matete. Wawili hawakuonekana, na baba alikuwa mmoja wao.

Mama alishuka ufukweni akakaa. Ndugu za baba walitafuta kwa makasia, lakini karibu tu. Mbali kule upepo ulikoelekea, upande wa Puta, makasia hayakuweza. Mashua yenye injini na mafuta siku zile ilikuwa moja, ile ya wazungu.

Siku ya tatu walikuja na kamera. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimempakata mdogo wangu, na nilisikia kila neno. Mama hakuwa akilia tena. Aliangalia kamera, akamwangalia Mukalimani.

"Ambia hawa bazungu batoe ile kintu mbele ya macho yangu," alisema. "Siko sinema. Bon, sikia. Mashua yao iko na moteri. Ambia bao banipeleke kule upepo ilimusukuma bwana yangu. Siku moja tu. Nimutafute, nimuzike. Sitaki kintu ingine kwao."

Mukalimani alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua kabla mama hajafika kwenye ile siku moja tu.

Kisha alizungumza Kiingereza kwa muda mrefu, kwa sauti ile ya chini. Nilikuwa bado mdogo, Kiingereza changu kilikuwa cha maboksi na cha ushuru bandarini, si hiki cha maneno makubwa. Nilishika maneno mawili matatu: ziwa, watoto, kuchukia. Nikafikiri ndivyo wanavyoomba mashua kwa Kiingereza cha wakubwa. Muzungu mwenye ndevu aliweka mkono mdomoni. Macho yake yakajaa machozi. Akapiga magoti mchangani, akashika mikono ya mama yote miwili, akatikisa kichwa juu chini, juu chini.

Mama alidhani amekubali.

Alisimama, akakaza kitambaa kiunoni, akasema, "Twende." Akaanza kutembea kuelekea mashua. Wazungu walimpisha njia, kamera ikamfuata taratibu kwa nyuma. Alifika majini, akaweka mkono juu ya ukingo wa mashua, akasimama hivyo anangoja wapande. Hakuna aliyepanda. Alingoja sana. Mwishowe Mukalimani alimsogelea akamwambia karibu na sikio, "Mama, banasema moteri iko na shida. Labda kesho."

Kesho yake, injini ikiwa nzima kabisa, walikwenda kusini, Mofwe, kupiga picha za ndege na matete. Siku ya tisa wavuvi wa Puta walimwona baba. Hali ilikuwa mbaya, walimzika huko huko siku hiyo hiyo, wakatuletea shati lake. Mama hakumwona. Na tangu siku ile aliwachukia wazungu wale, kwa sababu alijua mmoja wao alipiga magoti, akashika mikono yake, akakubali, kisha akamdanganya. Mukalimani alikuwa akija kutupa pole, anakaa, anamsikiliza mama akiwalaani, na hakusema kitu.

Karibu miaka miwili ilipita kabla kifurushi hakijafika. Ndani kulikuwa na kaseti ya video na barua fupi ya shukrani. Filamu ya ziwa letu ilikuwa imeshinda tuzo, katika ile sherehe kubwa ya filamu inayofanyika kwao kila mwaka, na kaseti ilikuwa na sherehe yenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Sijapata kumwona Mukalimani akiwa vile. Alipita nyumba kwa nyumba. Kwetu alikuja amevaa koti. "Mama, sura yako imeonekana na dunia nzima," alisema. "Jumapili lazima ukae mbele."

Mama hakutaka. Wanawake wenzake walimvuta. Jumapili baada ya kanisa tulijaa kwenye banda la video karibu na soko la Kashikishi, jirani na kwetu, mabenchi hayakutosha, watu wamesimama mpaka nje, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta wa matete. Mama alivaa kitenge chake kizuri, akakaa benchi la kwanza. Mukalimani alisimama kando ya televizio na fimbo mkononi, akatutafsiria.

Na nitasema ukweli: alikuwa hodari siku ile kuliko siku zote. Walipita wanawake wenye nguo zinazoburuzika kama nyavu zilizolowa, na bibi mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Huyu, nguo ya mugongo alisahau?" Mukalimani akajibu bila kugeuka, "Mama, hiyo ya mgongo ndiyo ghali zaidi," banda likaangua kicheko. Mwigizaji mmoja mzee alipewa tuzo kwa kazi ya maisha yake yote, akapanda ngazi akishikwa mkono, na alipofika mbele alisahau alichotaka kusema. Ukumbi wote ule wa matajiri ulimngoja. Akasema asante, akalia, akashuka. Banda letu lilinyamaza kama wao. Dada mmoja alishinda kwa uigizaji, akaanza kumtaja mama yake, na muziki ukapigwa juu ya sauti yake kumfukuza, kwa sababu dakika zake zimekwisha. Watu wa Kashikishi walikasirika kweli. "Muacheni amutaje mama yake!" walipiga kelele kwa televizio. Mwingine, mwanamume mnene, alishinda akambusu mkewe, akambusu na mke wa jirani kwa kuchanganyikiwa, na Mukalimani alitafsiri mpaka busu. Mama alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ufukweni.

Kisha ikafika zamu ya filamu za mambo ya kweli. Walionyesha kipande cha kila moja. Ya tatu ilikuwa sisi. Ziwa letu, mchanga wetu, na mama akitembea, mgongo wake umenyooka, anafika kwenye mashua, anaweka mkono. Banda lililipuka. Watu walimpigapiga mama mabegani. Yeye alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Wakafungua bahasha, wakataja jina, na muzungu mwenye ndevu akapanda jukwaani, suti nyeusi, sanamu mkononi. Alishukuru watu kadhaa. Kisha akasema jambo ambalo mimi, nikiwa sasa darasa la tisa, nililielewa neno kwa neno.

Alisema kwamba kwenye ufuko wa ziwa lile alikutana na mwanamke aliyekuwa siku ya tatu tangu afiwe na mumewe. Na mwanamke yule hakuomba kitu. Alimwambia: Siwezi kulichukia ziwa. Asubuhi lilimchukua mume wangu, jioni likawalisha watoto wangu. Nikililaani, nani atatupa chakula? Alisema anayabeba maneno hayo kila siku, na tuzo hii ni ya mwanamke huyo.

Ukumbi wote ulisimama. Kamera ilionyesha mwanamke mwenye mawe yanayong'aa shingoni akifuta machozi kwa kidole, taratibu, asiharibu rangi ya macho.

Kwetu Mukalimani alikuwa amefumba macho na hayafumbui.

"Anasema nini?" watu wakauliza. "Mukalimani, anasema nini?"

Mama naye akauliza, kwa upole. "Anasema nini juu yangu?"

Akafumbua macho. "Anasema asante," akajibu. "Anashukuru batu bote ba Nchelenge. Na weye mama zaidi ya bote."

Banda likapiga makofi. Mama aligeuka kunitazama, akaona mimi sipigi.

Nilimwambia mchana ule ule, uani, akimenya mihogo. Nilirudia maneno yote kwa Kiswahili chake. Aliniambia nirudie. Nikarudia.

"Na moteri?"

"Hakutaja moteri, mama. Alisema hukuomba kitu."

Aliendelea kumenya muhogo mmoja mpaka ukabaki mwembamba, hauna faida. "Donc, kumbe muzungu hakujua," alisema. "Mukono yangu iko pale juu ya mashua, na hakuna hata mumoja aliyejua nilikuwa nafanya nini."

Jumatatu alikwenda bandarini, nikamfuata. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi la wateja kama mteja.

"Nilisema banipeleke nimutafute bwana yangu," alisema. "Weye hukusema. Juu ya nini?"

Mukalimani aliangalia meza. "Mama, walikuwa wamechoka na watu wa kuomba. Ningesema ile, wangekataa."

"Bangekataa bao. Weye ulikataa mbele yao."

"Niliogopa watakuona mwombaji. Nilikupa maneno mazuri, mama. Watu wakubwa wa dunia walisimama kwa ajili yako."

"Miye sikuomba basimame," mama akasema. "Niliomba mashua."

Ningependa kuandika kwamba bandari ilimgeukia. Haikumgeukia. Wachuuzi waliosikia walisema mama ana bahati na haijui. Karani wa ushuru alisema maneno yale ni mazuri mno, angekuwa yeye angeyachukua akanyamaza. Mke wa Mukalimani peke yake alikuja kwetu, akakaa jikoni, akalia, akaondoka bila kuazima chumvi. Habari za tuzo zilienea, na maneno yakaenea nayo. Watu wasiotujua walimsimamisha mama sokoni kumwambia, kwa Kibemba, kwamba hawezi kulichukia ziwa. Mvuvi mwingine alipozama, mchungaji aliyahubiri maneno hayo kanisani kumfariji mjane, na aliyeyatafsiri alikuwa yeye, Mukalimani, amesimama pale mbele na shati lake jeupe. Mama aliinuka katikati ya ibada akatoka. Hakurudi kanisa lile.

Wageni nao walikuja, mara mbili tatu, wazungu walioona filamu na kutaka kumwona mwanamke wa ziwa. Mukalimani aliwaleta mpaka mlangoni kwetu, akiwa ameinama. Mara ya mwisho mama alitoka na beseni la maji machafu akawamwagia miguuni, akasema neno ambalo sitaliandika. Wageni walimtazama Mukalimani.

"Anasema karibuni sana," nilimsikia akiwaambia, "ila leo anafua."

Niliacha kwenda kwenye benchi lake. Tulikutana njiani mara kadhaa, akafungua mdomo, nikavuka upande wa pili. Kisha nikaenda Mansa kusoma shule ya bweni, na huko ndiko nilikokuwa mama alipoanza kuugua kifua. Barua iliyoniita ilichelewa, mvua zilikata barabara, na nilipofika walikuwa wamekwisha kumzika. Jirani yetu alinisimulia siku za mwisho za mama. Alisema aliondoka vizuri, roho imetulia. Alisema Mukalimani alikuwa akija karibu kila siku, na mama alimpa bukari, ugali wa kwao, kwa mikono yake mwenyewe, wakala pamoja.

Sikuweza kulielewa hilo. Niliamini ugonjwa ulimlainisha. Nilimkasirikia hata mama, kaburi lake bado bichi.

Likizo iliyofuata niliamua kwenda Puta kuona mahali baba alipozikwa. Nilishuka bandarini asubuhi kutafuta mashua. Meza ilikuwa pale pale. Mukalimani alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wembamba, ghafla, shingo imebaki mishipa mitupu.

"Mutoto yangu," aliita. Nilitaka kupita. "Mukwai, tafadhali, kuja. Niko na kintu ya mama yako."

Nilisimama mbele ya meza, sikukaa. Alitoa bahasha mfukoni mwa shati. Aliniambia kwamba baada ya mama kumfuata siku ile, alimwandikia muzungu. Alimweleza yote: moteri, siku moja, kuzika. Alimwambia maneno aliyoyasema jukwaani hayakuwa ya yule mama, yalikuwa yake, ya mukalimani.

"Akajibu?"

"Alijibu. Nilimusomea mama yako akiwa kitandani. Muzungu anaomba radhi. Anasema kama angejua, angemupeleka siku ile ile, angetafuta mpaka Puta na mpaka mbele ya Puta. Anasema analia kila akiona sanamu yake. Anamuomba mama amusamehe."

Nikakaa kwenye benchi bila kukusudia. Kwa mara ya kwanza nilielewa ile bukari. Nikanyoosha mkono.

"Nipe nisome."

"Kiingereza yake iko nguvu kidogo."

"Nipe, mukwai."

Alinipa. Ilikuwa karatasi moja, imepigwa chapa, mistari mitatu. Tunakushukuru kwa barua yako. Tunapokea barua nyingi kutoka kwa wapenzi wa filamu na hatuwezi kujibu kila moja. Tunakutakia kila la heri. Chini kulikuwa na sahihi ya mtu mwingine, wa ofisi.

Nilisoma mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Mashua ya Puta ilikuwa inapakia, mwenye mashua anaita abiria.

"Hapa hakuna radhi," nilisema.

"Najua."

"Mama alikufa anaamini."

"Alikufa amepumzika." Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini. "Niliandika kweli, mutoto yangu. Yote niliandika. Hawakusoma. Ningefanya nini? Nimuambie hawakusoma?"

Nilikunja karatasi, nikamrudishia, nikainuka.

"Ngoja," alisema. "Unapashwa kujua mama yako alijibu nini. Nilipomaliza kusoma alisema maneno juu ya baba yako, na juu yako weye. Maneno mazuri, mutoto yangu. Alisema—"

"Nyamaza," nikamwambia.

Mdomo wake ukabaki wazi. Nilitaka kuyajua maneno hayo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Lakini chumbani siku ile walikuwa wawili tu, mama na yeye. Nilimgeuzia mgongo, nikaingia majini mpaka magotini, nikapanda mashua, na sikumtazama mpaka tulipokuwa mbali. Alikuwa bado amesimama kando ya meza. Alikufa kabla sijarudi tena Nchelenge, na maneno hayo, ya mama yangu au ya kwake, sitayajua.